Nani Atalipa? Maneno kwa Vijana wa Tabora Wanaoomba Shahada ya Kwanza Nje ya Nchi

(Hotuba iliyotolewa mjini Tabora mbele ya wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, wazazi na walimu. Imehaririwa kidogo ili isomeke.)

Ndugu Mwenyekiti wa kikao hiki, wakuu wa shule, walimu wenzangu, wazazi na walezi mliotoka wilaya zote za mkoa wetu, na ninyi wanangu wa kidato cha tano na cha sita: wakubwa shikamooni, na vijana hamjambo. Nimepewa mada ya maombi ya shahada ya kwanza katika vyuo vya nje ya nchi, na ningependa ieleweke mapema kwamba sikuja kumhamasisha mtu. Kazi hiyo imekwisha kufanywa na mabango, na vipeperushi, na ndugu walioko ng'ambo ambao hututumia picha za theluji lakini hawatutumii mchanganuo wa ada. Mimi nimekuwa nikiwasaidia wanafunzi kujaza maombi haya tangu nilipokabidhiwa kazi ya ushauri shuleni, na nimeona kwamba wengi wanaokwama hawakwami kwa kukosa akili wala alama. Wanakwama kwa sababu waliliruka swali la kwanza wakaanza na la pili.

Kijana akija ofisini huanza kwa kutaja nchi. "Mwalimu, mimi nataka Kanada." Mwingine amekwisha kuchagua chuo kabisa, alichokiona kwenye simu. Swali linalotangulia nchi na chuo ni nani atalipa, na nalisema bila kumkejeli mtu, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua mengine yote: nchi utakayoomba, mwezi utakaoanza kujaza fomu, mitihani utakayotakiwa kufanya, na hata namna ya barua ambayo mwalimu wako atakuandikia. Mwalimu Nyerere, aliyesoma katika shule ya serikali ya hapa Tabora tangu 1937 na baadaye akafundisha St. Mary's hapa hapa mjini, hakuondoka kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1949 kabla ya ufadhili kupatikana. Nadokeza pia, kwa kuwa wengi hukosea, kwamba ile M.A. (Master of Arts, jina ambalo kwingine ni la shahada ya uzamili) aliyotunukiwa 1952 ilikuwa shahada ya kwanza, kwa maana ndivyo vyuo vya kale vya Scotland vinavyoziita shahada zao za kwanza za sanaa. Kwa hiyo jambo tunalolizungumza leo si geni katika mji huu.

Walipaji si wengi. Anaweza kulipa mzazi, kinaweza kulipa chuo chenyewe, inaweza kulipa serikali ya nchi mwenyeji, au taasisi ya ufadhili. Bodi yetu ya Mikopo imejengwa, kwa sehemu kubwa, kwa ajili ya wanaosoma vyuo vya ndani, na asiwepo anayepanga safari ya ng'ambo kwa kuutegemea mkopo huo.

Nianze na chuo kumlipia mwanafunzi, kwa kuwa hapo ndipo penye kutoelewana kukubwa. Marekani kuna vyuo ambavyo ada, malazi na chakula kwa mwaka mmoja hupita dola 80,000, na mzazi akiisikia hesabu hiyo hufunga mazungumzo. Lakini baadhi ya vyuo hivyo hivyo, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, humpima mwombaji, hata anayetoka nje ya Marekani, bila kutazama uwezo wake wa kulipa, na akikubaliwa huziba pengo lote kati ya gharama na kile ambacho familia inaweza kutoa. Kwa familia ya mkulima wa tumbaku wa Kaliua, pengo hilo ni karibu gharama yote. Kinyume chake, chuo cha umma cha jimbo fulani kinaweza kutangaza ada ya nusu ya hiyo, kikaonekana nafuu, kumbe hakina senti ya kumpa mwanafunzi wa kigeni. Huyo aliyekimbilia unafuu ndiye atakayeshindwa kulipa muhula wa kwanza. Bei iliyoandikwa kwenye ukurasa wa chuo haimwambii mzazi chochote mpaka asome ukurasa mwingine, ule wa msaada wa fedha kwa wanafunzi wa kimataifa.

Sisemi kwamba mlango huo ni mpana. Harvard huwakubali waombaji wasiofika watano katika kila mia, na waombaji wenyewe ni vijana waliokuwa wa kwanza katika shule zao duniani kote. Vyuo vingine vingi vizuri hutoa msaada mkubwa lakini huutazama uwezo wa familia wakati wa kuamua, kwa hiyo anayeomba msaada wote hupimwa kwa ukali zaidi. Vipo pia vyenye utaratibu wa peke yake, kama Berea College ya Kentucky, ambayo haimtozi mwanafunzi yeyote ada ya masomo, na kila mwanafunzi hufanya kazi za chuoni kwa saa kadhaa kwa wiki. Kijana anayetafuta chuo cha kumlipia anapaswa kuwa na orodha yenye vyuo vya aina zote hizo, si kimoja chenye jina kubwa ambalo babu yake analifahamu.

Na kuhusu Marekani lazima niseme jambo ambalo mabango hayalisemi. Juni 2025 majirani zetu wa Burundi waliwekwa katika orodha ya nchi ambazo raia wake wamezuiwa kwa sehemu kupewa viza, zikiwemo viza za wanafunzi, na tamko la Desemba mwaka huo liliiongeza Tanzania katika orodha ya namna hiyo. Masharti kama haya hutangazwa, hurekebishwa na hata kuondolewa kwa saini. Simkatazi mtu kuomba chuo huko, kwa sababu maombi huchukua karibu mwaka na mengi yanaweza kubadilika, lakini anayeomba Marekani peke yake, bila nchi nyingine pembeni, anajiweka mahali ambapo juhudi zake zote zinaweza kuzuiwa na jambo lisilohusiana na alama zake.

Serikali inapolipa, masharti yake huwa ya wazi zaidi, na hapo mfano ninaoupenda ni wa Uturuki. Ufadhili wao uitwao Türkiye Bursları hupokea maombi kuanzia 10 Januari hadi 20 Februari kila mwaka, kuomba ni bure, na anayechaguliwa hulipiwa ada, malazi, posho, tiketi ya ndege na mwaka mzima wa kujifunza Kituruki kabla ya kuanza shahada. Anayemaliza kidato cha sita mwaka huo huo anaruhusiwa kuomba kabla ya matokeo yake. Wanataka wastani usiopungua asilimia 70, na asilimia 90 kwa udaktari, udaktari wa meno na ufamasia. Sharti linalowaumiza vijana wetu ni umri: mwombaji wa shahada ya kwanza anatakiwa awe chini ya miaka 21. Wengi wetu huku tulianza darasa la kwanza tukiwa wakubwa, tukapoteza mwaka kwa ugonjwa au kwa kuhama, na tunafika kidato cha sita tukiwa tumekaribia mstari huo au tumeshauvuka. Kijana wa kidato cha tano mwenye miaka 20 leo hii asisubiri kuambiwa na mtandao kwamba amepitwa; ahesabu sasa.

China nayo hutoa ufadhili wa serikali kwa shahada ya kwanza, na sehemu kubwa ya masomo hayo hufundishwa kwa Kichina baada ya mwaka wa matayarisho ya lugha. Ujerumani husifiwa kwamba elimu ni bure, na ni kweli kwamba vyuo vya umma katika majimbo mengi havitozi ada ya masomo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Lakini shahada nyingi za kwanza huko ni za Kijerumani, mwenye cheti kisicholingana na chao hupitishwa kwanza katika mwaka wa matayarisho uitwao Studienkolleg, na kabla ya kupewa viza unatakiwa kuonyesha fedha za kujikimu kwa mwaka, ambazo tangu Septemba 2024 zimewekwa euro 11,904, zikiwa zimefungwa katika akaunti maalumu ambayo unachota kiasi kwa mwezi. Kwa mwenye fedha hizo, Ujerumani ni nafuu sana. Kwa asiye nazo, ile bure haimfikishi hata uwanja wa ndege.

Nisisahau Afrika yenyewe, kwa sababu ng'ambo kwa watu wetu imekuwa ni Ulaya na Marekani tu. Makerere ipo tangu 1922. Ashesi ya Ghana ni miongoni mwa vyuo vinavyoshirikiana na Mastercard Foundation kuwalipia vijana wa Kiafrika wenye uwezo darasani na wasio na uwezo nyumbani. Na tangu 2023 IIT Madras ya India ina kampasi yake Zanzibar, kiasi kwamba mtu anaweza kupata shahada ya chuo cha India bila kuvuka mpaka.

Sasa tarehe. Mtihani wa kidato cha sita hufanyika Mei na matokeo hutoka Julai, wakati vyuo vya nje hufunga maombi yao miezi mingi kabla ya hapo. Uingereza, ambako karibu maombi yote hupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa udahili wa vyuo vya huko, na mwombaji huchagua kozi zisizozidi tano, mwisho wa kuomba Oxford, Cambridge na karibu kozi zote za udaktari ni 15 Oktoba, na kozi nyingine nyingi ni Januari. Maana yake, kwa anayetaka kuingia Septemba inayofuata mtihani wake, fomu inajazwa akiwa katikati ya kidato cha sita, kwa alama ambazo walimu wake wanatabiri kwamba atazipata. Sisi walimu hatujazoea kutabiri kwa maandishi. Wengine huogopa na kuandika D kila mahali ili wasije wakaonekana waongo, na wengine kwa huruma huandika A tatu kwa mtoto ambaye hajawahi kuzikaribia. Vyote viwili humharibia: chuo kitamkataa kwa utabiri wa chini, au kitampa nafasi yenye sharti ambalo Julai hatalitimiza. Naomba wakuu wa shule walichukue jambo hili, kwamba utabiri utokane na mitihani ya muhula na ya mkoa, na mtaaluma autie saini akijua ametumia karatasi zipi.

Vyuo vingi vya Marekani hupokea maombi kupitia Common App, fomu ya pamoja ya mtandaoni, ambayo hufunguliwa 1 Agosti. Kwa waombaji wanaowahi, vyuo hufunga mwanzoni mwa Novemba, na kwa wengine mwanzoni mwa Januari. Ushauri wangu kwa wengi wenu ni kuomba baada ya matokeo, yaani kutumia ule mwaka unaofuata kidato cha sita. Utakuwa na alama halisi, utakuwa umemaliza mafunzo ya JKT ukiitwa, na hutakuwa unaandika insha usiku wa kuamkia mtihani wa Kemia. Najua wazazi hawapendi kusikia mtoto akae mwaka nyumbani. Basi asikae: aombe pia vyuo vya ndani dirisha linapofunguliwa baada ya matokeo, aombe na mkopo, aanze masomo ikibidi. Maombi ya nje si sababu ya kuacha nafasi iliyoko mkononi, na nimeona vijana walioikataa nafasi ya chuo kizuri cha nchini kwa kusubiri barua ambayo haikuja.

Nakuja kwenye karatasi, na hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo mkoa wetu unapopoteza watu wengi. Chukua vyeti vyako vyote uvitandike mezani: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, kitambulisho cha taifa au namba yake, na pasipoti kama unayo. Soma jina herufi kwa herufi. Utakuta cha kuzaliwa kimeandikwa Mohamedi na cha kidato cha nne Mohammed. Utakuta kimoja kina majina matatu na kingine mawili, au jina la babu limekaa mwisho huku na jina la ukoo limekaa mwisho kule, kwa sababu mwalimu wa darasa la saba aliyewasajili aliandika alivyosikia. Sisi kwa sisi hilo si tatizo. Kila mtu anajua Kulwa wa mzee fulani ni yule yule. Ofisa wa viza hamjui mzee fulani. Kwake hao ni watu wawili, na anayekuja na vyeti vya watu wawili humwekea faili pembeni.

Marekebisho yanawezekana, lakini yana mpangilio. Jina lililoko kwenye vyeti vya Baraza la Mitihani ndilo gumu zaidi kubadilika, kwa hiyo kwa kawaida ni busara kuziongoza karatasi nyingine zilifuate hilo, kwa hati ya kisheria ya jina iliyosajiliwa, na si kwa kiapo cha haraka kilichochapwa kwenye kibanda nje ya mahakama. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, ambayo siku hizi hupokea maombi ya uhakiki kwa mtandao. Pasipoti iombwe baada ya majina kukaa sawa, si kabla. Ada yake ilipoanza ile ya kielektroniki mwaka 2018 iliwekwa shilingi 150,000, na hakuna haja ya kuilipa mara mbili. Kazi hii yote hailingani kabisa na mwezi wa kujaza maombi. Ni kazi ya kidato cha tano.

Jambo linalofanana na hilo ni barua pepe. Wengi wenu hufunguliwa anwani na kijana wa steshenari, ambaye kwa wema wake hutumia namba yake ya simu kuithibitisha, huandika nywila kwenye daftari lake, na wiki inayofuata amehamia Kahama. Chuo hutuma ujumbe kwamba kimekosa ukurasa mmoja wa ripoti na kinatoa siku saba. Ujumbe unaingia katika sanduku ambalo hakuna anayelifungua. Mwombaji anasema chuo hakikujibu. Steshenari itumieni kuskani na kuchapa, hiyo ni kazi yake na huifanya vizuri, lakini anwani iwe yako, yenye jina lako kamili, imethibitishwa kwa laini ya mzazi au ya kwako iliyosajiliwa, na ifunguliwe kila siku mbili. Anwani yenye majina ya utani ya mpira iacheni kwa marafiki.

Vyuo vya Marekani hutaka ripoti za miaka minne ya sekondari na si matokeo ya taifa pekee. Ripoti za muhula ambazo wazazi huzikunja mfukoni na kuzisahau ndizo hizo. Zitunzwe, na shule ziweke nakala. Mfumo wa Common App humtaka pia mshauri wa shule kupakia taarifa fupi inayoieleza shule: ina wanafunzi wangapi, tahasusi zipi, alama hutolewaje. Msomaji wa Massachusetts hajui kwamba kwetu asilimia 80 ni A na kwamba kuifikia katika mtihani wa taifa ni kazi. Asipoelezwa ataona 72 na kudhani ni mwanafunzi wa kawaida, kumbe ni B iliyopatikana na wachache. Ukurasa huo shule ikiuandika vizuri mara moja, utatumika kwa kila atakayefuata.

Barua za mapendekezo nazo zinahitaji tuseme ukweli. Barua ambayo nimeisoma kwa sura nyingi inasema: "Ninathibitisha kwamba mtajwa hapo juu ni mwanafunzi wa shule hii. Ana nidhamu, bidii na ushirikiano. Naomba apewe msaada anaostahili." Ina muhuri mzuri, na inamfaa mtu anayekwenda kufungua akaunti ya benki. Chuo hakikuuliza kama mwanafunzi ana nidhamu. Kiliuliza akiwa darasani huwa anafanya nini ambacho wengine hawafanyi. Nikumbushe barua moja ya mwalimu wa Fizikia ambayo niliipenda: alieleza kwamba maabara ilikuwa na ammita iliyosoma pungufu, na kijana huyu akailinganisha na nyingine iliyoazimwa shule jirani, akatengeneza jedwali la masahihisho, akalibandika ukutani, na darasa zima likalitumia hadi mtihani wa vitendo. Barua nzima ilikuwa aya tatu, na haikuwa na neno nidhamu hata mara moja. Mwanafunzi, ukimwomba mwalimu barua, mwombe mapema, mpe tarehe, na umkumbushe kazi uliyoifanya darasani kwake. Ana madarasa sita na hawezi kukumbuka kila kitu.

Insha ni ya mwombaji mwenyewe. Common App hutaka isiyozidi maneno 650. UCAS, kwa wanaoingia kuanzia 2026, imeigawa katika maswali matatu yenye jumla ya herufi 4,000. Vijana wetu huandika insha ya umaskini: nyumba ya nyasi, kilomita nyingi kwenda shule, mama anauza maandazi, naomba mnisaidie. Huenda yote ni kweli, lakini msomaji akimaliza hamjui mwandishi, anaijua hali yake tu, na hali hiyo ameisoma asubuhi hiyo hiyo mara kumi. Binti mmoja wa Sikonge alikuja na rasimu ya namna hiyo. Katika kuongea akasema, kama jambo la kupita, kwamba baba yake huuza asali kwa debe na mnunuzi huilipia kwa kilo, akihesabu debe la lita 20 kuwa kilo 20. Binti aliazima mizani dukani akapima, akakuta debe lina kilo 28 hivi, kwa sababu asali ni nzito kuliko maji, na akaandika bei mpya kwenye karatasi aliyompa baba yake kabla ya msimu. Nikamwambia rasimu aiweke kando aandike hilo. Umaskini ulibaki ndani ya insha, lakini sasa ulikuwa na mtu ndani yake aliyekuwa akifanya hesabu.

Msiandikiwe insha na mtu, wala na programu za akili unde. UCAS hupitisha kila maelezo katika mfumo unaokagua mfanano, na Common App inaihesabu kazi iliyoandikwa na programu na kuwasilishwa kama ya mwombaji kuwa udanganyifu. Kaka aliyeko chuo anaweza kukuonyesha penye kosa la sarufi. Zaidi ya hapo anakuwa anajiombea yeye.

Mitihani ya lugha nitaipita haraka. Vyuo vingi hutaka IELTS, TOEFL au Duolingo English Test, na matokeo ya IELTS na TOEFL hudumu miaka miwili, kwa hiyo kufanya mapema mno ni hasara. Duolingo hufanyika kwenye kompyuta popote penye intaneti na kamera, kwa ada isiyofika dola 100, na kwa mtu wa Tabora hiyo ina maana kubwa, mradi umeme usikatike katikati. Kabla ya kulipa, andika kwa chuo ukiuliza kama wanakubali barua ya shule kwamba umesoma sekondari kwa Kiingereza, baadhi hukubali. SAT, mtihani wa Marekani wa kuombea chuo, kwa vyuo vinavyoitaka, hufanyika kwa kompyuta katika vituo maalumu, kwa kawaida shule za kimataifa, na kwetu hiyo ni safari, malazi na ada inayopita dola 100. MIT, Harvard na Dartmouth wameirudisha kuwa ya lazima, vingine vingi vimeiacha hiari. Tazama orodha yako ndipo uamue.

Kuhusu mawakala nitasema kwa upole, maana baadhi yao wanafanya kazi halali na wamewasaidia watu. Wazazi, eleweni tu analipwa na nani. Vyuo vingi binafsi humlipa wakala kwa kila mwanafunzi anayemleta, kwa hiyo chuo anachokisifu kwako kinaweza kuwa kile kinacholipa vizuri, si kinachomfaa mwanao. Akikudai laki kadhaa kwa ajili ya maombi ya Uturuki, kumbuka maombi yale ni bure. Akikuambia barua ya kukubaliwa imetoka, usiangalie nembo. Tafuta mwenyewe anwani ya ofisi ya udahili katika tovuti ya chuo, uwaandikie kuuliza. Na akikataa kumpa mtoto nywila ya akaunti ya maombi yake mwenyewe, chukueni vyeti vyenu mwondoke.

Mlango wa mwisho ni wa kurudi nyumbani, na watu huukumbuka wakiwa wamekwisha kuhitimu. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, hutoa cheti cha kutokuwa na pingamizi kwa anayekwenda kusoma nje, na ndiyo inayotambua shahada akirudi. Kwa ujumla kiwango cha chini cha kuingia chuo kikuu hapa kwa mwenye kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili ya msingi wenye jumla ya pointi 4. Asiyefika hapo akajipatia nafasi kwenye chuo cha nje kisichouliza sana, asishangae shahada yake ikigomewa na mwajiri wa serikali. Kwa udaktari kuna na Baraza la Madaktari Tanganyika, ambalo lazima likusajili kabla ya mafunzo ya utarajali. Vita ya Ukraine ya 2022 na ya Sudan ya 2023 viliwarudisha vijana wetu wakiwa katikati ya masomo ya udaktari, na aliyekuwa na karatasi zake zote mkononi ndiye aliyekuwa na pa kuanzia alipogonga mlango wa chuo cha ndani.

Viza yenyewe ina hesabu zake. Kwa Uingereza, fedha za kujikimu lazima ziwe zimekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo, na kuna tozo ya afya ya pauni 776 kwa kila mwaka wa masomo, inayolipwa kabla ya kuondoka. Mjomba anayekopesha milioni kadhaa ziingie benki Jumatatu na kutoka Ijumaa hajasaidia kitu. Mwenye ufadhili kamili ana kazi rahisi zaidi hapa, kwa kuwa barua ya mfadhili ndiyo inayosimama badala ya akaunti, na ndiyo maana nimekuwa nikiwarudisha kwenye swali la nani atalipa.

Ndugu Mwenyekiti, muda niliopewa umekwisha. Wazazi wa kidato cha tano naomba mbaki baada ya chai na vyeti vya kuzaliwa mlivyoelekezwa kuja navyo. Meza mbili zimepangwa pale nyuma, mtaaluma ana nakala za vyeti vya kidato cha nne, na tutavilinganisha kimoja kimoja kabla basi la Urambo halijaondoka. Wenye maswali kuhusu vyuo watanikuta hapo hapo. Ahsanteni.